Kabla ya Sikukuu, Mtupe Kipindi Kimoja cha Kubishana

Hotuba ya mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, mahafali ya kidato cha nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi.

Risala ya wahitimu mmeshaisikia. Imetaja upungufu wa walimu wa Hisabati na Fizikia, imetaja vitabu, imetaja maabara. Yote yale nayaunga mkono na sitayarudia. Mimi nimepewa dakika chache kwa niaba ya klabu ya mdahalo, na nimekuja na ombi moja ambalo halihitaji saruji wala mabati. Tunaomba kwamba kabla ya kila sikukuu ya taifa, shule nzima ipewe kipindi kimoja, zile dakika 40 za kawaida, tukae madarasani tubishane kuhusu siku hiyo. Na tubishane kwa Kiswahili.

Wiki ijayo ni tarehe 14 Oktoba. Ukimsimamisha mwanafunzi yeyote hapa ukamuuliza kwa nini siku hiyo hakuna masomo, atakujibu bila kusita kwamba ni Siku ya Nyerere. Muulize tena: ni siku gani hasa ya Nyerere? Tuliliuliza swali hilo klabuni, na waliosema ni siku aliyozaliwa walikuwa wengi kuliko waliojua kwamba ndiyo siku aliyofariki, mwaka 1999, akiwa hospitalini London. Kuzaliwa alizaliwa Butiama, tarehe 13 Aprili 1922. Tukauliza na kuhusu tarehe 7 Aprili, Siku ya Karume. Hali ikawa ileile, wakati hiyo ni siku aliyouawa kwa risasi Mzee Abeid Amani Karume, mwaka 1972. Waasisi wetu wawili tunawaadhimisha siku za vifo vyao, na sisi tunaopumzika kwa heshima yao hatujui kama tuko msibani au kwenye siku ya kuzaliwa.

Walimu wetu wa Uraia, naomba msinielewe vibaya. Mada hiyo mlitufundisha tangu kidato cha kwanza. Mlitufundisha alama za taifa, rangi za bendera na maana zake, sikukuu za taifa na tarehe zake. Tukakariri, tukaulizwa, tukajibu, tukapata alama, na baada ya mtihani vikatutoka. Mtu husahau haraka kitu ambacho hakuwahi kuulizwa anakionaje. Sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyesahau hoja aliyoitetea mbele ya darasa huku wenzake wakimpinga.

Wazazi, pengine hamjui sikukuu ya taifa inafananaje ukiwa mwanafunzi. Kwa wengi wetu wa kutwa ni siku ya kufua sare, kuteka maji, kumsaidia mama sokoni au kubaki na wadogo zetu nyumbani. Kwa madarasa ya mitihani mara nyingi si mapumziko kabisa, kwa sababu tunaitwa kwenye masomo ya ziada, na tunakuja, maana mtihani wa Novemba hausubiri mtu. Kama nyumbani kuna televisheni tunaona gwaride, tunasikia mizinga 21, tunatazama halaiki. Mimi nikiitazama halaiki nawafikiria wale watoto waliovaa rangi za bendera. Ni wanafunzi kama sisi. Wamefanya mazoezi juani kwa wiki kadhaa ili mistari yao isipinde na maumbo yao yasomeke kutoka jukwaani, na wanapendeza kweli. Ningefurahi zaidi kama katika wiki zile kuna mtu aliyeketi nao chini akawauliza wanaionaje siku wanayoichezea.

Ninyi wazazi wetu mnabishana kuhusu siku hizi, na sisi tunawasikia. Mnabishana kwenye daladala, mnabishana sebuleni taarifa ya habari ikiisha. Mwaka 2015, wakati wengi wetu hapa ndio tunaanza kushika penseli, Rais John Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaigeuza siku ile kuwa ya usafi nchi nzima, kwa kuwa nchi ilikuwa na kipindupindu. Yeye mwenyewe alionekana akiokota takataka karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Shilingi bilioni 4 zilizopangwa kwa sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya jijini humo, kutoka Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2020 sherehe za Muungano nazo ziliahirishwa kwa sababu ya korona, na shilingi milioni 500 zikapelekwa kwenye mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza shilingi milioni 960 za sherehe za Uhuru zikajenge mabweni katika shule 8 za msingi za watoto wenye mahitaji maalumu.

Mnaona wenyewe kwamba huu ni mjadala mkubwa. Marais wawili, katika miaka tofauti, wameamua kwamba sherehe inaweza kusimama ili fedha zifanye kazi nyingine. Mnaounga mkono mna sababu zenu na mnaopinga mna zenu. Mbona sisi tunaotajwa na pande zote mbili, kizazi kinachopaswa kukumbuka na watoto wanaopaswa kujengewa, hatuna mahali pa kulisemea?

Klabu yetu ilijaribu. Tuliandika mada ubaoni: sherehe za Uhuru zisifanyike, fedha zake zijenge shule. Tulidhani itakuwa rahisi kwa upande wa kuunga mkono. Nani angepinga mabweni? Na kweli walianza kwa nguvu. Dada mmoja wa kidato cha pili, ambaye mdogo wake haoni na anasoma shule ya mbali, alisimama akaeleza maana ya bweni kwa mtoto asiyeweza kwenda na kurudi shule kila siku peke yake. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayesimulia mambo ya nyumbani, na alipoketi hapakuwa na mtu aliyetaka kumfuata.

Aliyemfuata ni mwenzetu wa upande wa kupinga, kijana ambaye darasani huwa haongei. Alisema yeye bweni analitaka, na uzio na choo anavitaka, lakini anavitaka kutoka kwenye bajeti ya elimu, kila mwaka, bila kusubiri siku nyingine ife kwanza. Akauliza: mwaka ambao sherehe itafanyika, wale watoto hawatahitaji mabweni? Kisha akasema neno ambalo mimi bado linanisumbua. Alisema babu yake alikuwa mwanafunzi mwaka 1961, na anachokikumbuka zaidi ni kufundishwa wimbo mpya wa taifa na mwalimu ambaye naye alikuwa ndio anajifunza. Mwalimu akikosea mstari, darasa zima linakosea naye, wanaanza upya. Babu huyo, alisema, husimulia kisa hicho mara moja tu kwa mwaka, tarehe 9 Desemba, gwaride likiwa kwenye televisheni. Gwaride lisipokuwepo hasimulii.

Hapo mdahalo uligeuka. Watu wakaacha kuuliza sherehe inagharimu kiasi gani, wakaanza kuuliza inafanya kazi gani. Wengine wakasema kama kazi yake ni kuwafanya wazee wasimulie, basi hatuhitaji ndege za kijeshi, tunahitaji wazee waje shuleni. Mwingine akajibu kwamba taifa nalo linahitaji kujiona liko pamoja walau siku moja, na kwamba yeye anapoona vikosi vinapita huwa anasisimka, na haoni haya kusema hivyo. Kengele ililia tukiwa katikati. Kesho yake mstarini, kabla mwalimu wa zamu hajafika, bado watu walikuwa wanabishana, na waliokuwa wanabishana hawakuwa wanachama wa klabu.

Kwa sababu hiyo leo siombi klabu iongezewe muda. Naomba mdahalo huu uwe wa shule nzima.

Ziko siku nyingine ambazo kubishana kwake ni kugumu zaidi, na siwezi kuziruka kwa sababu ndizo zinazowatia wakubwa hofu. Tulipokuwa tunaandaa mada ya tarehe 12 Januari, mwenzetu mmoja ambaye familia yake imehamia huku kutoka Unguja alituambia kwamba kwao siku hiyo haina sura moja. Historia tunayosoma ni kwamba Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, serikali ikiwa chini ya Sultani, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakaiondoa serikali hiyo. Upande mmoja wa ukoo wake unaikumbuka kama siku iliyowapa ardhi, kwa sababu baada ya Mapinduzi wakulima walikuja kugawiwa mashamba ya eka tatu tatu. Upande mwingine una ndugu waliokimbia kwa mashua na hawakurudi tena. Pande zote mbili hukutana kwenye harusi, hula sahani moja, na siku hiyo ikifika kila upande hunyamaza kwa namna yake.

Alipomaliza kusimulia hakuna aliyegombana. Hakuna aliyemwita msaliti wala kumwambia aache siasa. Tulikuwa vijana wa miaka 15, 16 na 17 katika chumba kimoja, na kwa mara ya kwanza Mapinduzi yalikuwa na watu ndani yake. Mwalimu mlezi wa klabu alikuwepo. Aliwasahihisha waliokosea tarehe, akawazuia waliotaka kujumlisha watu wa kabila au dini moja kwenye kapu moja, na mengine akatuachia. Nawaambia wazazi mnaohofia kwamba mijadala hii itatugawa: vijana wataisikia tu. Wataisikia kwenye simu, kutoka kwa watu wasiowajua, wasio na mwalimu pembeni wa kusema tarehe hiyo siyo. Darasani ndipo penye usalama kuliko kwingine kote.

Vivyo hivyo na tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano. Ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mwaka 1964, kila mmoja wetu ameiona kitabuni. Nyuma ya picha ile kuna swali ambalo nchi hii imelijadili mpaka kwenye mchakato wa Katiba, pale Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipopendekeza muundo wa serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Wapo wanaotaka tarehe 9 Desemba itajwe wazi kuwa ni uhuru wa Tanganyika, wakisema mwaka 1961 hapakuwa na nchi nyingine ya kupewa uhuru huo. Wapo wanaoona kwamba kulikazania hilo kunadhoofisha Muungano. Mimi nina msimamo wangu, lakini sikuja kuwashawishi kuhusu hilo. Nimekuja kusema kwamba mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne anapaswa kuzijua hoja za pande zote mbili na kuweza kuutetea hata upande asioupenda. Hivyo ndivyo mdahalo unavyotufundisha: katibu anakupangia upande, na unautetea.

Sabasaba na Nanenane nazipita haraka, isipokuwa nitaje kwamba rafiki zangu wengi wanaijua Sabasaba kama maonyesho ya biashara, na walishangaa kusikia kwamba tarehe 7 Julai 1954 ndiyo siku ilipozaliwa TANU. Siku ya chama cha kudai uhuru imekuja kuwa siku ya biashara. Je, ni vizuri au si vizuri? Hiyo nayo ni mada.

Sasa nije kwenye vikwazo, maana najua walimu mnavifikiria.

Cha kwanza ni muda. Mtaala umejaa, na kuna mada hatujazimaliza hata sasa. Nakubali. Lakini sikukuu za taifa zinazotukuta shuleni katika mwaka ni chache, na nyingine zinatukuta likizo. Tazameni kalenda: Uhuru, iliyo kubwa kuliko zote, inaangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ndiyo maana haina kipindi, haina mstari, haina mwalimu. Inamkuta kila mtoto kwao, na kama kwao hakuna wa kumsimulia, imepita. Tunapendekeza mdahalo wa Uhuru ufanyike wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, ili mwanafunzi aende nyumbani na swali la kumuuliza babu au bibi yake. Sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumeshaondoka, kwa hiyo hili tunawaombea wadogo zetu.

Wadogo zetu walioanza na mtaala mpya wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Nimelifurahia kwa moyo wote. Ila somo lina silabasi, na silabasi ina mtihani mwishoni. Kipindi tunachokiomba kisiwe na alama, wala mtu asiandikwe jina kwa hoja aliyoitoa.

Cha pili ni lugha, na hapa naomba ruhusa niseme wazi. Midahalo yetu ya Ijumaa tunaifanya kwa Kiingereza ili tukikuze, na mimi binafsi imenisaidia sana. Lakini tazameni ni nani wanaoongea. Ni walewale waliosoma shule za msingi za Kiingereza, na mimi ni mmoja wao. Wenzetu waliotoka shule za msingi za Kiswahili, ambao ndio wengi, hukaa nyuma na kupiga makofi. Yule kijana aliyemleta babu yake kwenye mdahalo hajawahi kusimama siku ya Ijumaa hata mara moja. Niliwahi kufikiri hana la kusema, kumbe lugha ndiyo iliyokuwa inamketisha. Mambo ya nchi yetu yasijadiliwe na robo ya darasa. Ijumaa ibaki kama ilivyo. Kipindi cha sikukuu kiwe cha Kiswahili.

Cha tatu ni mada zenyewe. Kwa miaka mingi, shule kwa shule, tumerithishana mada zilezile: elimu ni bora kuliko pesa, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Zinafundisha kuongea, nakubali, lakini hakuna anayerudi nyumbani akiwa na swali. Tunaomba mada za sikukuu zitungwe na wanafunzi, zipitiwe na mwalimu wa Historia ili ukweli wake uwe sawa, na kila mara aalikwe mzee mmoja wa mtaani. Asiwe mgeni rasmi. Akae tu, asikilize, na mwishoni aseme alichokiona enzi zake. Wazee hao tunao, ni majirani wa shule hii, na wengi wao hatuna muda mrefu nao.

Klabu haikutaka kuja mikono mitupu, kwa hiyo mada ya wiki ijayo tumeshaitunga. Tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya Mwalimu, na ndiyo pia siku ya kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru. Mwenge ule uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro usiku wa Uhuru, mwaka 1961, ukapandishwa na Luteni Alexander Nyirenda, ili kutimiza maneno ambayo Mwalimu alikuwa ameyasema kabla: kwamba umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini, upendo na heshima pale vilipokosekana. Leo unakimbizwa halmashauri zote, unazindua miradi, unaweka mawe ya msingi. Wapo wanaosema kwamba ukipita, miradi iliyolala huamka na viongozi hubanwa kwa maswali. Wapo wanaosema gharama zake na michango yake ni mizigo, na kwamba mradi ukaguliwe kila siku, mwenge uwepo au usiwepo. Sisi tumesimama kandokando ya barabara tukiusubiri, tukiwa na sare na nyimbo, na hatujawahi kuulizwa.

Mada ni hii: Mbio za Mwenge wa Uhuru ziendelee kama zilivyo. Mkuu wa shule, tunakuomba kipindi cha mwisho cha siku ya masomo kabla ya sikukuu. Mwalimu wa Historia ameshakubali kupitia tarehe na majina. Wasemaji wa kupinga wametimia, na katibu ana orodha yao. Upande wa kuunga mkono umebakiza nafasi moja, na tumekubaliana iwe ya mzazi. Anayeitaka amwone katibu pale mlangoni kabla hatujaenda kwenye chakula.

Ahsanteni sana.